Vipimo vya Mikono Miwili

Moroni, 14 Septemba 1998

Kaka Ridjali,

Assalamu alaykum. Nakuandikia Kiswahili kama tulivyozoea tulipokuwa tunasoma fizikia Dar es Salaam. Kingazidja changu utakilalamikia, Kindzuani chako sitakielewa nusu, na Kifaransa kinatufanya tuandikiane kama maofisa. Tangu kisiwa chenu kijitangazie kujitenga na serikali ya Moroni, barua zinafunguliwa bandarini kwenu na kwetu pia. Humu hawatakuta la maana kwao.

Bahasha kubwa anayokuletea Assoumani, karani wa boti, ina fotokopi arobaini na moja. Ni kazi niliyorudi nayo kutoka Ufaransa. Kila karatasi ni mwanga wa wingu moja la gesi, na mawingu hayo yamo katika mikono ya galaksi tatu zilizojikunja kama gamba la konokono. Mwanga ulitawanywa kwa rangi zake, na mashine ikachora: penye nuru kali mchoro unapanda na kufanya kilele. Vilele vya oksijeni nimevitia alama ya O, cha hidrojeni alama ya H. Tukilinganisha eneo la O na la H, tunaweza kukisia kila wingu lina oksijeni kiasi gani. Swali la Profesa wangu wa huko ni moja. Oksijeni inapungua kwa kasi gani ukitoka katikati ya galaksi kwenda pembeni?

Kompyuta niliyoitegemea imeungua, kwa hiyo tutapima kama walivyopima wa zamani. Weka karatasi ya grafu yenye kupenyeza mwanga juu ya mchoro, piga mstari wa msingi chini ya kilele, kisha hesabu miraba. Profesa atazipokea namba zetu kwa sharti kwamba watu wawili wapime, kila mmoja peke yake, pasipo kuona za mwenzake. Kwa hiyo nitumie za galaksi moja ukimaliza, na mimi nitakuwa nimeshafunga zangu.

Dada yako Mariama hajambo. Anaendelea kuuza vitambaa vyake sokoni Volo Volo, na kila Ijumaa akirudi nyumbani kwake Vouvouni hupita kwangu kuuliza kama kuna barua yako. Mama yangu anampenda kuliko anavyonipenda mimi.

Sittina Maoulida

*

Mutsamudu, 20 Oktoba 1998

Dada Sittina,

Waalaykum salaam. Bahasha ilifika, imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi ya mchele. Aliyeifungua aliniita ofisini akataka kujua hii ni ramani ya nini. Nikamwambia ni mwanga wa mawingu ya mbali sana. Akaniuliza kama mawingu hayo ni ya upande wa Moroni. Baadaye aliniachia, nadhani kwa kuchoka.

Nakushukuru kwa kazi hii. Shule yetu inafunguliwa siku mbili, inafungwa tatu. Wanafunzi wanajua bendera zote na hawajui mwendo wa mwanga. Nilikuwa nimeanza kujiona mtu aliyewahi kusoma zamani.

Ninafanyia kazi kwenye meza ya kukatia nguo ya mke wangu Noussaïba, kwa kuwa ndiyo meza pekee iliyonyooka nyumbani. Hujamwona bado. Alizaliwa na kukulia Unguja, akarudishwa huku na wazazi wake akiwa msichana, na sasa ni fundi cherehani. Akinisikia nikisoma barua yako kwa sauti hucheka matamshi yangu. Anasema Kiswahili cha chuo kina mifupa tu.

Galaksi ya kwanza imekwisha, mawingu kumi na manne. Nimeambatanisha jedwali. Nilipima kila kilele mara mbili na kuchukua wastani. Lile la tisa linanisumbua, mchoro wake umetetemeka mno.

Msalimie Mariama. Mwambie akipata nafasi ya kuja, aje. Naona upepo wa siasa haujatulia, na yeye huko ni mgeni hata akikaa miaka ishirini.

Ridjali Oumouri

*

Moroni, 19 Novemba 1998

Kaka Ridjali,

Nimelinganisha. Vilele vyako vyote vina eneo kubwa kuliko vyangu, kwa wastani wa asilimia saba. Tofauti hiyo haibadiliki sana kati ya wingu na wingu, nami nadhani najua sababu yake. Unaupiga mstari wa msingi chini kuliko ninavyoupiga mimi. Ulikuwa hivyo hivyo maabara ya Dar. Usijirekebishe. Kila mpimaji ana mkono wake, na mkono ukijulikana unaweza kuhesabiwa na kuondolewa. Ubaya ni mkono unaobadilika katikati ya kazi.

Usishangae ukiona mawingu ya katikati yana vilele vifupi vya O. Oksijeni ikizidi, wingu linapoa, na likipoa mistari yake ya oksijeni inafifia. Kwa hiyo kilele kifupi huko katikati ni dalili ya wingi. Mimi pia nilikosea hapo mwaka wa kwanza.

Endelea na galaksi ya pili.

Mariama nimempa salamu zako. Kuhusu kuja huko, alisema wateja wake wako hapa na hajaona sababu ya kukimbia watu asiowakosea. Nami nilimwambia kwamba akiwa na shida, nyumba yangu ipo.

Sittina

*

Mutsamudu, 6 Februari 1999

Dada Sittina,

Niwie radhi kwa kuchelewa. Mwezi wa Desemba mji haukuwa mzuri. Vijana wenye silaha waligawanyika, wakapigana wao kwa wao kwenye vichochoro, nasi tukahamia kwa shemeji yangu juu mlimani mpaka mambo yakatulia. Sasa tumerudi nyumbani. Skuli bado imefungwa.

Utaona mwandiko si wangu. Mkono wangu uliumia kidogo katika kuhama, kwa hiyo mke wangu ananiandikia. Si jambo la kutia wasiwasi.

Galaksi ya pili iko tayari, mawingu kumi na tano. Kila kilele kimehesabiwa mara tatu. Pale ambapo mara ya tatu ilitofautiana na zilizotangulia, kilihesabiwa tena tangu mwanzo. Wingu la sita lina doa la wino wa fotokopi juu ya kilele cha H. Ikiwa karatasi yako haina doa hilo, tumia namba yako peke yake, usiihesabu hii.

Tunamsalimia mama yako na Mariama.

Ridjali

*

Moroni, 9 Machi 1999

Ridjali,

Pole kwa mkono. Lakini ninalo jambo la kukuuliza, na nitaliuliza wazi.

Katika galaksi ya pili ile tofauti ya asilimia saba imetoweka. Namba zako na zangu zinapishana kwa moja kwa mia, na katika mawingu manne ni zile zile. Sijawahi kuona watu wawili wakikubaliana hivyo kwa rula na karatasi. Wewe hasa, ambaye mkono wako naujua tangu Dar, huwezi kuwa umebadilika ndani ya miezi mitatu, tena ukiwa umeumia.

Barua yenyewe inasomeka kama ya mtu mwingine. Unaandika "skuli". Sentensi zako zimenyooka. Sisemi ni kosa, ninasema nimeliona.

Kuna njia moja tu ninayoiona ya namba zangu kufika kwako. Mariama huingia chumba changu cha kazi, hunisaidia kupanga karatasi, na daftari langu huwa wazi mezani. Nilimwuliza Ijumaa iliyopita kama aliwahi kunakili chochote na kukupelekea. Akasema, "Dada Sittina, mimi hata sijui kilichoandikwa mle." Sikumfukuza. Nimemwambia tu asiingie tena chumba kile. Tangu siku hiyo hajapita.

Profesa anasubiri jedwali la pili. Sitamtumia mpaka unijibu. Kama ulizihitaji namba zangu ili umalize haraka, ungesema, tukaiacha kazi kwa heshima. Ukinyamaza, nitamwandikia kwamba mpimaji wa pili hakuwapo.

Sittina

*

Mutsamudu, 28 Machi 1999

Kwa Bi Sittina Maoulida,

Salaam. Mimi ni Noussaïba, mke wa Ridjali. Barua yako ya tarehe tisa niliifungua mimi, kwani mimi ndiye ninayemsomea barua zake. Hii sikumsomea. Nilimwambia bado hujajibu. Ni uongo wangu wa kwanza kwake, na naomba uwe wa mwisho.

Jumatano ya tarehe tisa Desemba tulikuwa nyumbani, mapigano yakiwa kichochoro cha pili. Ridjali alikwenda dirishani kuchukua karatasi zako, maana zilikuwa juu ya meza chini ya dirisha na alikhofu zitapata maji ya mvua. Kitu kiliripuka nje. Kioo chote kilimwingia usoni. Mkono haukuumia. Yalioumia ni macho yote mawili. La kushoto halioni kitu. La kulia linajua mchana na usiku tu. Daktari wa macho hayuko kisiwani, na safari ya kumtafuta ng'ambo tumeizungumza, haijapatikana.

Wiki tatu zilipita. Siku moja akaniuliza karatasi ziko wapi. Nikamwambia zipo, mbili tu zina damu pembeni. Akasema, "Basi kazi haijafa." Akanifundisha. Alinishika kidole na kukitembeza juu ya mchoro niliokuwa nimeutoboatoboa kwa pini ili ausikie kwa ncha za vidole: hapa ni msingi, hapa kilele kinaanza, hapa kinaisha. Mimi kazi yangu miaka yote ni kufuata mstari na kukata pasipozidi wala kupungua. Kuhesabu miraba hakukunishinda. Kilichonishinda kuelewa ni kwa nini kilele kifupi kiwe na maana ya wingi, mpaka akanisomesha tena ile barua yako ya Novemba.

Namba zote za galaksi ya pili ni zangu. Hakuna aliyezileta. Mariama hajui lolote, hata khabari ya macho hajui. Ridjali alikataa aambiwe, kwani angepanda boti siku hiyo hiyo. Wewe pia alikataa uambiwe. Alisema ukijua utamhurumia, na ukimhurumia utaitafutia kazi mtu mwengine.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, niambie kama vipimo vyangu vinafaa. Kama havifai, vichane, nami nitamwambia vilipotea njiani. La pili, mtafute wifi yangu umwombe radhi. Yeye ni mtu wa kunyamaza akionewa.

Noussaïba

*

Moroni, 3 Mei 1999

Dada Noussaïba,

Barua yako ilinifikia tarehe 26 Aprili. Nimeisoma zaidi ya mara moja. Nimesikitika sana kwa Kaka Ridjali. Namwombea kwa Mungu nafuu.

Vipimo vyako vinafaa. Nimeviangalia upya kwa jicho la kutafuta kosa, sikulipata. Unaupiga msingi pale pale ninapoupiga mimi. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba watu wawili wakikubaliana mno mmoja wao ameiba, na hilo ni kosa langu. Nimemwandikia Profesa kwamba tangu wingu la kumi na tano mpimaji wa pili ni Noussaïba, na jedwali limekwenda kwa jina lako. Tafadhali endelea na galaksi ya tatu.

Huku kumekuwa na fujo, labda mmesikia redioni. Baada ya ule mkutano wa Antananarivo ambako wajumbe wenu walikataa kutia saini mapatano, watu waliingia barabarani wakitafuta Wandzuani waliotoka kwenu. Vibanda vilichomwa. Siku chache zilizofuata, Ijumaa, jeshi likachukua serikali, na sasa mitaa imetulia.

Mariama hayupo tena Vouvouni. Nimeambiwa aliondoka salama kwa boti pamoja na wengine. Sikupata nafasi ya kumwomba radhi kama ulivyotaka. Nitaitafuta.

Mwambie Ridjali kazi yake haitapewa mtu mwingine.

Sittina Maoulida

*

Mutsamudu, 24 Mei 1999

Sittina,

Ninaye Noussaïba anayeandika, lakini maneno ni yangu. Sasa ninajua kila kitu, barua zote nimesomewa. Kwa ulivyosema kuhusu vipimo, nashukuru.

Mariama alifika bandarini hapa tarehe 29 Aprili, siku nne kabla hujaandika. Boti ilikuwa imejaa watu waliobeba magodoro na masufuria. Yeye alikuwa na mfuko mmoja. Bidhaa zake zote Volo Volo ziliteketea Jumamosi. Alinikuta hivi nilivyo, akakaa chini sakafuni, na tangu siku ile anafanya kazi za nyumba na hasemi mengi. Hatukumlazimisha.

Juzi Noussaïba alimwambia kwamba umeandika, na kwamba unatafuta nafasi ya kumwomba radhi. Mariama alisema, "Nilibisha kwake Jumatatu. Alikuwa ndani, nilimsikia." Akarudi kuosha vyombo.

Jumatatu ilikuwa tarehe 26. Siku uliyopokea barua ya mke wangu.

Sikuulizi kwa hasira. Mimi mwenyewe nilikuficha macho yangu miezi mitatu, sina haki ya kujifanya msafi. Ila wewe uliandika kwamba hukupata nafasi. Niandikie kilichotokea kama unavyoandika vipimo, pasipo kukipunguza.

Ridjali

*

Moroni, 20 Juni 1999

Ridjali,

Hiki ndicho kilichotokea.

Barua ya Noussaïba ililetwa asubuhi na Assoumani. Niliisoma sebuleni. Nilijua, kabla ya adhuhuri, kwamba nimemsingizia Mariama, na kwamba wewe huoni. Nilikusudia kwenda Vouvouni, lakini mtaani walishaanza kupita watu na marungu. Walikuwa wanauliza nyumba kwa nyumba nani anamfuga Mndzuani. Walikuja kwangu kiasi cha saa saba. Nilisema hapa hayupo. Mmoja nilimfundisha hesabu kidato cha tatu. Aliniamini, akawaambia wenzake twendeni, huyu ni mwalimu.

Kwenye saa tisa alasiri mlango ulibishwa tena, taratibu, mara tatu. Nikasikia, "Dada Sittina, ni mimi, Mariama. Nina haraka." Nilikwenda mpaka mlangoni. Mkono wangu ulikuwa juu ya komeo. Nilisikia watu wakiimba upande wa soko. Nilifikiri akiingia, wale watarudi, na yule mwanafunzi wangu atajua nimemdanganya. Nikafikiri pia, na hili ndilo ninaloona aibu zaidi kuliandika, kwamba nikifungua itanibidi nimwangalie usoni na kumwambia nilimwita mwizi.

Mama yangu hatoki kitandani. Aliuliza kutoka chumbani, "Nani anabisha?" Nikamjibu, "Hakuna mtu."

Mariama aliita mara moja zaidi. Kisha nikasikia miguu yake ikienda, haikukimbia. Nilisimama pale mpaka adhana ya alasiri.

Nyumba yangu nilimwahidi kwa mdomo wangu, na niliandika kwako kwamba nimemwahidi. Halafu nikaandika kwamba sikupata nafasi. Nafasi niliipata, ilikuwa ubao mmoja mbele yangu.

Sitaomba unitetee kwake. Mwambie nilimnyima hifadhi nikijua ni nani na nikijua hana kosa. Nimefunga daftari zangu zote katika bahasha hii. Galaksi ya tatu nimeshaipima, namba ziko humo, zimefungwa kwa uzi ili Noussaïba asizione kabla ya kumaliza zake. Tumeni kazi kwa Profesa kwa majina yenu ninyi wawili. Langu liondoeni.

Sittina

*

Mutsamudu, 11 Novemba 1999

Bi Sittina,

Galaksi ya tatu, mawingu kumi na mawili. Jedwali limo. Uzi nilifungua baada ya kumaliza. Tumetofautiana kwa asilimia mbili. Wingu la nne nakuomba ulitizame tena, naona kule kwako ulihesabu kilele cha pembeni pamoja na cha O. Mengine yote yako sawa.

Ridjali anasema jina lako libaki pahala pake. Anasema namba ulizipima wewe, na kumwondoa aliyepima ni kusema uongo kwenye karatasi.

Barua yako ya Juni nilimsomea. Aliniambia niiweke sandukuni na Mariama asisomewe, kwani ndiyo kwanza ameanza kula vizuri.

Hakuna zaidi.

Noussaïba

*

Moroni, 17 Januari 2000

Dada Noussaïba,

Wingu la nne ulikuwa sahihi. Nilijumlisha vilele viwili. Nimerekebisha.

Matokeo ni haya, msomee Ridjali. Katika galaksi zote tatu oksijeni inapungua kutoka katikati kwenda nje. Katika ya kwanza, karibu na kitovu kuna chembe kama mia tisa za oksijeni kwa kila milioni ya hidrojeni, na pembeni kabisa ni kama mia mbili. Ya pili inafanana nayo. Ya tatu inashuka polepole zaidi, na Profesa anaona hapo ndipo penye jambo jipya. Anadhani galaksi jirani iliwahi kupita karibu ikaivuruga gesi, ya nje ikachanganyika na ya ndani. Aliuliza kama tunaamini vipimo vya mawingu matatu ya ukingoni. Nilimjibu kwamba vilihesabiwa na mtu ambaye sijaona mkono uliotulia kama wake. Ameridhika. Makala yatachapishwa kwa majina manne: lake, langu, la Ridjali na lako.

Wanasema mwezi ujao Umoja wa Nchi Huru za Afrika utakiwekea kisiwa chenu vikwazo, na simu na boti zitakatwa. Assoumani ameniambia hana uhakika wa safari nyingine. Ikiwa hii ni ya mwisho kwa muda, basi mbaki salama.

Sikuuliza habari za Mariama kwa sababu sistahili kujibiwa.

Sittina

*

Mutsamudu, 22 Machi 2001

Dada Sittina,

Mwaka na zaidi umepita. Nakala ya makala ilitufikia kwa njia ya kisiwa cha Mwali, imekunjwa ndani ya gunia la mchele. Ridjali ameishika mpaka pembe zake zimekuwa laini. Hunitaka nimtilie kidole juu ya majina, kisha husema yale manne kwa zamu. Jicho la kulia halijabadilika. Skuli imefunguliwa naye amerudi kufundisha, mimi nikimwandikia ubaoni. Wanafunzi wameshazoea kwamba mwalimu wao ana sauti ya mwanamume na mwandiko wa mwanamke.

Tangu watie saini mapatano ya visiwa kule Fomboni mwezi uliopita, boti zimeanza tena. Mariama amesema anarudi Volo Volo. Tulimzuia, hakuzuilika. Ndipo Ridjali akasema ni lazima asomewe barua yako ya Juni kabla hajaondoka, ajue anakwenda kukutana na nani. Nilimsomea jana mchana, nikimgeuzia kila sentensi kwa Kindzuani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirejee pale pa mlangoni. Nikarejea. Nakuandikia aliyoyasema, kama alivyoyasema.

"Alidhani nimekuja kujificha? Mimi nilikuwa na pahala. Msa, jirani yetu wa Vouvouni, mvuvi, alitupakia kwenye gari lake chini ya nyavu, watu sita, atufikishe bandarini. Gari lilisimama kwenye kona ya kwa Dada Sittina. Nilimwambia Msa anipe dakika moja. Nilikwenda kumwuliza Dada kama ana barua ya kaka, maana nilikuwa naelekea huku na sikujua lini nyengine ingepatikana. Na nilitaka kumuaga mama yake."

Nilimwuliza kwa nini hakutuambia hivyo tangu mwanzo. Akasema hakujua kwamba lilikuwa jambo la kuambiwa. Alidhani bado umemkasirikia kwa ajili ya daftari.

Ridjali akaniuliza boti inaondoka saa ngapi, ili niwahi kukuandikia haya.

Sikuandikii haya kukupunguzia wala kukuongezea. Hukujua kwamba anapita tu, na ungejua ungefungua, hilo naliamini. Lakini hukujua kwa kuwa hukufungua. Nimelipima upande huu na upande ule, sijapata njia ya kuliondoa.

Mariama anaondoka Jumamosi, na barua hii anakuletea yeye mwenyewe. Nilimshauri ampe Assoumani, akakataa. Ukifika mstari huu, ama ameshakaa kwako na mama yako ameshamshika mkono, ama uliipokea ukamwacha asimame mlangoni. Mimi huku sitajua mpaka khabari yake inifikie.

Noussaïba